Umri Wangu wa Mpira

Nilizaliwa wiki ya Nane Nane, Agosti 1996, mwaka ambao MV Bukoba ilizama. Kwetu Morogoro hakuna asiyelijua hilo. Mama alikuwa na mimba yangu habari za meli zilipotangazwa redioni mwezi Mei, na mpaka leo shangazi zangu wakitaka kukumbuka umri wangu huanzia kwenye meli. Pasipoti yangu inasema nilizaliwa Januari 1999. Aliyeiambia hivyo ni mimi.

Nimechoka kusikia hadithi hii ikisimuliwa kwa namna moja tu: kijana maskini, kiongozi mjanja, wakala mwenye tamaa, mtoto akapunguziwa miaka bila kujua. Wapo wa namna hiyo, na wanastahili kuonewa huruma. Mimi si mmoja wao. Mwaka 2014 mzee mmoja aliyekuwa akikusanya vijana kwa ajili ya kituo cha soka aliniuliza swali ambalo kila mchezaji wa mchangani analijua: "Umri wako wa mpira ni ngapi?" Hakuniuliza umri. Alitenganisha mwenyewe, nami nikaelewa papo hapo, nikajibu kumi na tano. Nilikuwa nakaribia kumi na nane. Hakunitisha wala hakuniahidi kitu. Aliandika nilichosema, akamwita anayefuata.

Sikuwa na cheti cha kuzaliwa, kama wenzangu wengi wa rika langu, na kadi ya kliniki ilikuwa imepotea zamani tulipohama nyumba. Kwa hiyo cheti changu cha kwanza maishani kilitafutwa wakati ndevu zimeshaanza kuota kidevuni, na mjomba ndiye aliyekula kiapo. Alikula kiapo cha Januari kwa sababu nilimtajia Januari. Mashindano ya vijana hukata umri tarehe 1 Januari, na aliyezaliwa mwanzoni mwa mwaka hupata faida ya mwaka mzima. Mjomba hakuyajua hayo. Alidhani namsaidia kukumbuka. Mama alikataa kutia saini popote. Alisema tu kwamba kwa hesabu yangu mpya, mdogo wangu wa kike, aliyezaliwa Juni 1998, amegeuka kuwa dada yangu, na yeye mama amezaa mara mbili ndani ya miezi saba. Tulicheka wote. Kicheko kile nilikuja kukilipia, nitafika huko.

Watu hudhani anayefaidika zaidi na umri wa kukata ni mshambuliaji. Sikubaliani nao. Mshambuliaji wa miaka kumi na minane akicheza na watoto wa kumi na tano bado anatakiwa afunge, na golini kuna kipa. Beki wa kati anatakiwa awahi na asukume. Niliwahi, nilisukuma. Mpira mrefu ukipigwa nyuma yangu, niligeuka na kumpita mshambuliaji aliyekuwa ameanza kukimbia kabla yangu. Krosi ikija, niliruka juu ya kila mtu. Nikikosea kusimama, nilijisahihisha kwa miguu. Nikichelewa kuona, nilijisahihisha kwa bega. Makocha walisema huyu ana nguvu, ana kasi, hana woga. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa ya mtu aliyewazidi wenzake miaka mitatu. Hakuna aliyegundua kwamba sijawahi kulazimika kufikiri.

Kabla sijafika, namba tano ya kituo ilikuwa ya kijana mmoja mwembamba. Mpaka leo nikitaja ubeki kichwani namwona yeye. Hakuwa anakimbia sana; mpira ulipofika, yeye alikuwepo. Nilizoea kumtazama anavyogeuza shingo: mpira, mtu, mpira, mtu, hatua moja nyuma, hatua moja pembeni, halafu pasi inapigwa inakuja miguuni kwake, na mshambuliaji anabaki akimlaumu aliyempa. Alikuwa anasoma mpira, na mimi sikuujua hata ukurasa wa kwanza. Lakini mazoezini tuliposhindanishwa nilimshinda kwa mbio, nikamshinda kwa vichwa, na kwenye mashindano yanayotazamwa na mawakala kocha hupanga kile ambacho wakala anaweza kukiona kutoka jukwaani. Kijana yule alikaa benchi, kisha akaondoka.

Kilichofuata kingekuwa kichekesho kama kisingenihusu. FIFA ina Ibara ya 19 katika kanuni zake za hadhi na uhamisho wa wachezaji, inayokataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Milango iliyoachwa wazi ni michache: mzazi amehamia nchi hiyo kwa sababu zisizo za mpira, mtoto anaishi karibu na mpaka, au uhamisho unafanyika ndani ya Umoja wa Ulaya au Eneo la Kiuchumi la Ulaya na kijana ametimiza 16. Mtoto wa Morogoro haumhusu hata mmoja. Kanuni iliwekwa ili watoto wasibebwe kwenda nchi za mbali na kutelekezwa huko, na ni kanuni nzuri. Mimi nilikuwa mtu mzima niliyejivika utoto, kwa hiyo ikanilinda na mimi. Klabu moja ya nje ilinitaka nikiwa na miaka 19 ya kweli. Kwa karatasi nilikuwa na 16. Waliambiwa wasubiri, wakasubiri kidogo, wakachukua mwingine. Nilikuwa nimeiba miaka mitatu, na sasa nilitakiwa kukaa chini niisubiri ipite.

Ndipo ikaja Januari 2016. Mbwana Samatta alitangazwa Abuja kuwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akiwa TP Mazembe, na mwezi haujaisha akasaini Genk ya Ubelgiji. Sidhani kama wasiocheza mpira wanaelewa mwezi ule ulitufanya nini. Kabla yake Ulaya ilikuwa neno la kusemea. Baada yake ikawa mahali ambapo mtu tuliyemtazama akiwa na jezi ya Simba anapokea mshahara. Nikajisemea kwamba nimefanya vizuri kupunguza, maana muda ninao.

Mwaka uliofuata nikapata somo ambalo nililielewa vibaya. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walikuwa wametolewa na Congo-Brazzaville katika kufuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17. Tanzania ikalalamika juu ya umri wa mchezaji mmoja wa Congo, CAF ikaagiza akapimwe kwa MRI, mchezaji hakutokea, Congo ikaenguliwa. Sisi tukaenda Gabon, Mei 2017, tukatoka sare na Mali waliokuja kutwaa kombe, tukawafunga Angola 2-1, tukafungwa na Niger 1-0. Nchi nzima ilisema haki imetendeka, ikasahau kwamba mwaka 2005 Serengeti Boys wenyewe walifuzu fainali za Gambia wakaenguliwa kwa kosa hilohilo. Nilishangilia pamoja na watu kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira, tena kwa sauti, mimi mwenye pasipoti ya Januari 1999. Usiku nikatafuta kwenye simu MRI inapima nini. Nikaona: kifundo cha mkono. Sikusoma zaidi ya hapo. Ningesoma aya mbili mbele, pengine mkono wangu wa kushoto ungekuwa mzima leo.

Mwanzoni mwa 2018 nilikwenda Uswidi, mji mmoja wa kaskazini kwenye pwani ya Ghuba ya Bothnia. Klabu siitaji, ilinitendea haki na haikustahili nilichoifanyia. Karatasi ilisema nina miaka 19. Nilikuwa na 21. Ligi yao huanza majira ya kuchipua na kwisha Novemba, kwa hiyo miezi ya baridi kali ndiyo ya maandalizi. Jua lilichomoza saa tatu na kitu asubuhi, likazama kabla ya saa tisa alasiri. Tulifanya mazoezi kwenye nyasi bandia iliyokwanguliwa theluji kwa trekta, na theluji ikirundikwa pembeni mwa uwanja inageuka ukuta mgumu. Baridi siilalamikii. Wachezaji wetu wakirudi kutoka huko husema baridi ndiyo iliyowashinda, na wengine labda ni kweli. Mimi baridi niliizoea ndani ya wiki chache, na nilipewa koti zuri.

Kilichonisumbua ni namba. Uswidi, mtu mwenye kibali cha kukaa mwaka au zaidi hupewa namba ya utambulisho, na namba hiyo huanza na tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku, kisha tarakimu nne za mwisho. Kwetu unaweza kumaliza mwaka bila mtu kukuuliza ulizaliwa lini. Kule niliulizwa duka la dawa, benki, mapokezi ya zahanati, kwenye simu nikiunganishwa intaneti, na hata nilipokwenda kukodi viatu vya kuteleza kwenye barafu. Tarakimu za Kiswidi nilijifunza kwa kuutamka uongo wangu kila siku, na nilipofika mahali nautamka bila kigugumizi, mwalimu wetu wa lugha alinipongeza.

Kisha ikaja fomu ya familia. Dada mmoja wa ofisini, mtu mkarimu aliyenipikia mara kadhaa, alikuwa akinisaidia kujaza karatasi za bima na za kibali. Akafika kwenye ndugu. Nikamtajia mdogo wangu, na kwa mazoea nikataja tarehe yake ya kweli, Juni 1998. Kalamu ikasimama. Akatazama ya kwangu, akatazama ya mdogo wangu, akaniuliza kwa upole kabisa, bila shaka akiogopa kuingilia mila za watu: "Mama mmoja?"

Nilijibu hapana. Mama tofauti.

Nilisema hivyo ofisini kwenye kiti cha joto, huku nakunywa kahawa yake. Mdogo wangu, tuliyelala naye kitanda kimoja utotoni, niliyempeleka darasa la kwanza kwa mkono, nikamtoa tumboni mwa mama kwa neno moja ili kunusuru mkataba. Miaka baadaye nilipomhadithia nikidhani atacheka, alinyamaza, halafu akasema, "Kaka, yaani umenifanya mtoto wa nje?" Sikuwa na la kumjibu. Tukahamia kwenye habari za watoto wake, na kila nikimpigia simu nasikia bado hajanisamehe sawasawa.

Sasa kuhusu mpira wenyewe, maana huko ndiko nilikojifilisi zaidi.

Klabu ndogo ya Ulaya inapomsajili beki wa miaka 19 kutoka Afrika hainunui ubeki wake wa leo. Inanunua miaka minne ijayo, imlee, imuuze. Hesabu ya mpira wote imejengwa juu ya hilo: hata fidia ya mafunzo ambayo FIFA huwapatia waliomlea mchezaji ina mwisho, nao ni msimu anaotimiza miaka 23. Ndiyo maana kuanzia nyumbani mpaka huko sikukutana na mtu mwenye hamu ya kuniuliza mara ya pili. Umri wangu ulikuwa mali ya watu wengi.

Klabu ikanitengenezea mpango. Ulikuwa umeandikwa vizuri, kurasa kadhaa, wenye michoro. Mwaka wa kwanza nisicheze sana, niongeze kilo, miguu ikomae. Mwaka wa pili niingizwe taratibu. Walitazama mapaja yangu na kusema akifika 22 atakuwa mtu mwingine. Nilikuwa nafikisha 22 Agosti hiyohiyo. Niliinua vyuma, nikala samaki na viazi mpaka nikavichukia, na vipimo vya kila baada ya wiki kadhaa vilirudi vilevile. Mwili ulikuwa umeshafika ulipokuwa unakwenda. Mtaalamu wa mazoezi alibadilisha chakula, akabadilisha programu, akahofia nina tatizo la tumbo. Ni sawa na kumdanganya daktari uzito wa mgonjwa, halafu mkae wote mkishangaa kwa nini dozi haifanyi kazi.

Makosa yangu nayo yalisamehewa kwa sababu isiyo sahihi. Kocha msaidizi, beki wa zamani, alinikalisha mbele ya video. Alisimamisha picha pale winga anapojiandaa kupiga krosi. "Unatazama wapi?" Nilikuwa nautazama mpira, mwili mzima umeuelekea, na mshambuliaji yuko nyuma ya kisogo changu, huru, akinyoosha soksi. Sisemi uongo, alikuwa kweli anavuta soksi juu. Kocha akanionyesha namna ya kusimama ubavu, mguu mmoja mbele, ili jicho lione mpira na pembe ya jicho imwone mtu. Namna ya kupapasa kwa mkono wa nyuma ujue mtu yuko wapi bila kumgeukia. Vilikuwa vitu ambavyo kijana mwembamba wa kituo alivifanya bila kufundishwa. Nikakosea tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kila mara kocha alifunga kompyuta akasema, kwa umri wako ni kawaida, itakuja. Angejua nina 22 angenifokea, angenikalisha mpaka usiku, au angeniambia ukweli kwamba nimechelewa na tutafute njia nyingine, labda beki wa pembeni, ambako kasi yangu ingesaidia. Alikuwa na subira na mtu ambaye hakuwepo.

Kifundo cha mkono ni kisa cha Februari ile ya kwanza. Niliteleza kwenye barafu nje ya duka, mkono wa kushoto ukanitangulia chini. Maumivu yalikaa chini ya kidole gumba, kwenye kile kishimo kinachoonekana ukinyoosha dole. Daktari wa timu akabonyeza pale, nikaruka. Akasema huenda ni kamfupa kadogo, kanahitaji eksirei leo hii, kakipuuzwa hakaungi maana damu inayokafikia ni kidogo. Nami nilichosikia ni neno moja: picha ya kifundo cha mkono. Nikaona Gabon, nikaona Congo inaenguliwa, nikaona jina langu kwenye magazeti ya nyumbani. Nikasema hapana, yameisha, naona nafuu. Akasisitiza. Nikasema nimeshakwenda mwenyewe hospitali ya mjini wakanipiga picha, hakuna kitu. Uongo wa pili unakuja mwepesi kuliko wa kwanza. Wa kumi huusikii hata ukitoka.

Nilicheza na mkono ule nimeufunga bandeji, nikivaa glavu ambazo kila mtu alidhani ni za baridi. Mfupa haukuunga. Ulipokuja kupigwa picha, nimesharudi Tanzania, daktari aliniambia ulivunjika zamani na ungetibika kwa kufungwa P.O.P wiki kadhaa tu. Kisha akanieleza, bila kujua ananipiga kofi, jambo ambalo nililiachia katikati usiku ule kwenye simu. Kipimo cha umri kwa kifundo kinatazama sehemu ya kukulia iliyo mwishoni mwa mfupa wa mkono. Kwa kijana wa chini ya miaka 17 ni nadra sana iwe imekwisha kufunga kabisa, ndiyo maana FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana hao Nigeria mwaka 2009. Akishapita hapo, imefunga ama inafunga kwa karibu kila mtu. Mimi kwa karatasi nilikuwa na 19. Wangepiga picha mia moja, zote zingesema huyu ni kijana aliyekomaa, kama ilivyotarajiwa. Nilijivunjia mkono mara mbili, mara ya pili kwa kukimbia kipimo ambacho hakikuwa changu.

Na beki anahitaji mkono. Hili wasiocheza hawalifikirii. Machi tulicheza mechi ya kirafiki, nikapewa kumkaba mshambuliaji wa miaka thelathini na kitu, mzito, kipara, ana kitambi kidogo, mtu ambaye nyumbani ningemwita mzee na kumpisha kwenye foleni. Nikajua leo napumzika. Mpira wa kwanza ulipigwa kwake akiwa amenipa mgongo. Kawaida unaweka mkono kiunoni mwake, si kwa kumsukuma, ni kwa kumsikia: atageukia wapi, uzito uko mguu gani. Nikaweka wa kushoto, akauegemea, maumivu yakapanda mpaka begani, nikautoa. Aligundua. Sijui vipi, ila aligundua ndani ya mpira mmoja. Tangu hapo kila mara alisimama upande wangu wa kushoto. Nikikosa mkono, nilitumia kifua. Nikitumia kifua, alingoja nimwelemee halafu akazunguka, nami nikabaki nausukuma upepo. Goli la pili hakukimbia hata hatua moja ya haraka. Alirudi nyuma kama anayekata tamaa, nikauangalia mpira, krosi ikaja, alikuwa mahali nilipokuwa nimetoka. Baada ya mechi alikuja kunipa mkono, wa kulia kwa bahati, akaniuliza umri. Nikasema 19. Akanipigapiga bega akasema nina muda mrefu mbele yangu.

Nilimaliza msimu wa 2019 bila kuongezewa mkataba. Waliniaga kwa keki. Kilichobaki cha uchezaji wangu nyumbani hakina hadithi.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwa hoja moja: kwamba ningesema umri wa kweli nisingetoka kabisa, hakuna anayemtaka beki wa Afrika Mashariki mwenye miaka 22. Hoja hiyo ilivunjwa mbele ya macho yangu nikiwa hukohuko Uswidi. Agosti 2019, baada ya AFCON ya Misri ambako Kenya ilitufunga 3-2, Elfsborg ya Uswidi ilimsajili Joseph Okumu, beki wa kati wa Kenya, mzaliwa wa 1997, mwenye miaka 22. Alikuwa ameshapita Afrika Kusini na Marekani. Miaka miwili baadaye akauzwa Gent ya Ubelgiji, kisha 2023 akaenda Reims ya Ufaransa. Huyo ni mdogo wangu kwa miezi tisa. Kwenye karatasi ni mkubwa wangu kwa zaidi ya mwaka na nusu. Nilimtazama kwenye televisheni anavyosimama ubavu, anavyogeuza shingo, na nikajua kwamba miaka niliyoitumia kuwaruka watoto vichwa ndiyo ambayo wengine waliitumia kupigwa na watu wazima mpaka wakajifunza.

Wakili mmoja ameniambia kusahihisha tarehe kunawezekana: kiapo kingine, ushahidi wa shule, barua, kisha kitambulisho cha taifa na pasipoti vifuate. Aliongeza kwamba kwenye kiapo nitaandika sababu. Fomu ninayo nyumbani. Sehemu ya sababu sijaijaza.

Ninafundisha watoto jioni sasa, uwanja wa vumbi, hakuna kituo wala jezi za maana. Wazazi huja kuniuliza, wengine kwa kunong'ona, wengine waziwazi: mwalimu, tumwandikie ngapi? Nawajibu miaka yake. Baadhi wamewahamisha watoto wao kwenda kwa wanaojibu vingine, na mmoja ameshaitwa kwenye majaribio Dar es Salaam, kwa hiyo siwezi kudai kwamba njia yangu inalipa.

Niliona aibu kumtafuta kijana mwembamba kwa miaka mingi. Mwezi uliopita nikampata Msamvu, ana duka la vifaa vya ujenzi, kanenepa. Nikakaa juu ya mfuko wa saruji nikamwambia yote: kwamba nilikuwa wa 1996, kwamba nafasi ilikuwa yake, kwamba nimekuja kuomba radhi. Alisikiliza huku anampimia mteja nondo. Mteja alipoondoka akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kaunta.

"Na mimi ni wa 1996, ndugu yangu. Wa Machi. Nilikata miwili. Kumbe ulinizidi mmoja tu! Tena unisalimie vizuri, mimi ni kaka yako."

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kwa muda tulijisikia wepesi kama watu waliosamehewa. Ni yeye aliyenyamaza kwanza. Akasema, basi nyuma yetu alikuwepo mwingine. Kweli, alikuwepo: namba tano wa tatu, wa mguu wa kushoto, mdogo, aliyekuwa akibeba mipira kutoka stoo. Huyo hakuwa na haja ya kukata chochote, sauti yake ilikuwa haijavunjika bado. Hakucheza hata mechi moja ya mashindano. Tukajaribu kumkumbuka jina. Yeye anadai alikuwa anatoka Kihonda na wazazi wake walikuwa walimu. Mimi nasema Mazimbu, na baba yake alikuwa na baiskeli nyekundu. Tulibishana mpaka duka likajaa wateja. Mtunza vifaa wa kituo, mzee mmoja wa Kichangani, lazima anamjua, lakini simu yake haipatikani. Jumamosi tunamfuata kwake.